TAHARIRI: Tufungulieni droo za makavazi tuone visukuku vyetu

Kuna mnyama mwenye jina la Kiswahili ambaye ukiwauliza vijana kumi pale steji ya Kencom kama wanamjua, usishangae wote wakikutolea macho tu. Anaitwa Simbakubwa kutokaafrika. Si jina la utani la mtandaoni. Ndilo jina lake rasmi la kisayansi, na linaandikwa hivyo hivyo Tokyo, Berlin na Nairobi.

Taya lake, vipande vya fuvu na mifupa mingine vilichimbwa Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, kati ya 1978 na 1980. Vikaletwa Nairobi, vikawekwa kwenye droo za makavazi, vikakaa. Watoto wakazaliwa, wakasoma, wakaoa, na mifupa bado iko pale. Kisha mtafiti kutoka Marekani, Matthew Borths, akipitia makabati hayo, akavuta droo na kukuta meno ambayo hakuyatarajia. Aprili 2019 yeye na mwenzake Nancy Stevens wakatangaza mnyama mpya, na kwa siku kadhaa wasomaji wa habari kote duniani wakawa wanahangaika kutamka Kiswahili.

Mnyama mwenyewe si mchezo. Aliishi miaka milioni 22 hivi iliyopita. Makadirio ya juu yanampa hadi kilo 1,500, uzito unaomshinda hata dubu wa barafuni. Simba dume wa leo ana kilo 200 hivi. Chonge zake zilikuwa na ukubwa wa ndizi. Na licha ya jina, hakuwa simba. Alikuwa wa ukoo mwingine wa mamalia wala nyama ambao ulitoweka wote. Ukoo wa simba wenyewe ulitokea upande wa Ulaya na Asia, ukaingia Afrika baadaye. Kwa hivyo wale simba wawili wanaoshika ngao ya taifa ni watoto wa wahamiaji. Mwenyeji hasa ndiye yule wa kwenye droo.

Kuhifadhi vitu kwenye droo si kosa. Makavazi yote makubwa duniani huonyesha sehemu ndogo tu ya mali yao, na kisukuku kikishikwashikwa ovyo huharibika. Wala hatuna neno na Borths: alifanya kazi yake na akampa mnyama jina la lugha yetu. Kinachotukera ni kwamba kwa karibu miaka 40 hakuna kijana wa hapa aliyepata nafasi, mafunzo na mshahara wa kukaa na ile droo mpaka ajue ndani mna nini.

Na si kwamba hatuna macho. Kamoya Kimeu alianza kama kibarua wa kuchimba kwa akina Leakey mwaka wa 1960, masomo yake ya darasani yakiwa machache sana. Mwaka wa 1984, kule Nariokotome, aliona kipande kidogo cha fuvu katikati ya mawe yanayofanana nacho kwa rangi. Wengine wangekipita. Kipande hicho ndicho kilichotupeleka kwa Mvulana wa Turkana, mifupa ya miaka milioni 1.5 hivi (binadamu naye ni mamalia, usisahau). Mwaka uliofuata Kimeu alikuwa Ikulu ya Marekani akipewa medali na Rais Reagan. Alifariki 2022. Swali letu ni rahisi: nani anawafunza akina Kimeu wapya, na kwa pesa gani?

Makavazi ya Kitaifa yanaweza kuanza na ukumbi wa visukuku pale Nairobi. Wekeni nakala ambazo mtu anaweza kuzishika, apime chonge la Simbakubwa kwa mkono wake. Kila kisukuku kiwe na maelezo ya Kiswahili, tena Kiswahili cha watu, si cha kamusi. Siku moja kwa mwezi mtaalamu atoe droo halisi mezani, aeleze, aulizwe maswali. Vyuo vikuu navyo vilete wanafunzi wafanye kazi huko kwa malipo, maana kijana wa Kayole hawezi kulipa nauli miezi mitatu kwa upendo wa sayansi pekee.

Kuna watakaosema mifupa haileti unga mezani. Ni kweli, ajira za moja kwa moja ni chache na hatutadanganya mtu. Lakini kuna kusafisha visukuku, kutengeneza nakala, kuchora, kupiga video, kuongoza wageni. Kazi hizo zipo, na zinahitaji mtu aliyeanza mapema.

Wakati tukisubiri majibu, ukifika makavazini usiishie kupiga selfi na sanamu ya ndovu Ahmed pale uani. Ingia ndani. Na mkipata Jumamosi na gari la kuchangia mafuta, shukeni barabara ya Magadi hadi Olorgesailie. Kuna mfupa wa mguu wa ndovu wa kale umewekwa kando ya ule wa ndovu wa leo, na wa leo unaonekana kama wa ndama. Bebeni maji na kofia, jua la kule ni kali.