Si kila kiungulia ni karuho

Huku kwetu Murara, mutu akilalamika kifua kinawaka na chakula hakishuki vizuri, jirani hangoji hata amalize kusema: «Hiyo ni karuho, wamekulisha sumu!» Pesa ya nyumba inaenda kwa mupima sumu, mugonjwa anatapishwa majani wiki nzima, na mwishowe jina la mama mukwe ao la jirani linatajwa. Familia inavunjika. Kifua kingali kinawaka.

Sisi hatusemi sumu haiko. Tunasema: tupime kwanza, kisha tuhukumu.

Juu iko ugonjwa unaoitwa erni ya hiatali. Erni ya kinena sote tunaijua. Hii haionekani kwa macho. Kati ya kifua na tumbo kuna ukuta wa nyama unaotusaidia kupumua, nao una tundu ambamo njia ya chakula inapita. Tundu likilegea, sehemu ya juu ya mufuko wa chakula inapanda kifuani. Hapo asidi inarudi juu: kiungulia, uchachu mudomoni, maumivu nyuma ya mufupa wa kifua, zaidi ukilala ao ukiinama. Wengine wako nayo na hawasikii kitu.

Umri unailetea njia, hata unene, mimba, kikohozi cha siku nyingi, kukosa choo na kuinua mizigo mizito. Kutapika kwa nguvu nako kunasukuma tumbo vilevile. Basi yale majani ya kutapisha yanamusaidia nani?

Daktari anaitafuta kwa fibroskopi, mupira mwembamba wenye kamera unaopitishwa kooni. Dawa kama omeprazoli inapunguza asidi, lakini hairudishi mufuko mahali pake. Wachache ndio wanahitaji kupasuliwa.

Wanatuambia tule kidogo kidogo, tusilale mbele ya saa tatu kupita, tuinue kichwa cha kitanda sentimeta 15 mpaka 20, tupunguze pombe na sigara. Tunajua, wengi wetu tunakula mara moja tu, usiku, pesa ya chukudu ao ya soko ikishaingia, na usingizi unatuchukua palepale. Kwa hiyo tuseme inayowezekana: sahani igawanywe, nusu jioni, nusu asubuhi. Matofali mawili chini ya miguu ya kitanda, upande wa kichwa, si mali nyingi.

Ukitapika damu, choo kikawa cheusi kama lami, chakula kikakwama ao ukikonda bila sababu, usikawie: hospitali. Maumivu ya kifua yenye jasho na kushuka mukononi yanaweza kuwa moyo. Hayo hayangoji kesho.

Wachungaji, wakubwa wa avenyu, wazazi: mugonjwa akija kwenu na jina la adui, mumuulize kwanza jina la daktari aliyemupima. Jirani tunayemushitaki leo bila kipimo, njo yeye tutamugongea mulango usiku atusaidie kubeba mugonjwa.