Mifuko Minne ya Saruji

Kila gari likibingirika bondeni, taarifa ya habari ya saa moja huwa na sentensi moja isiyobadilika: gari lilipoteza breki. Lilizipoteza vipi? Zilidondoka njiani kama kofia? Breki ni chuma, mpira na mafuta. Kuna mtu aliyezifunga, kuna mtu aliyezigusa mwisho, na kuna mtu aliyelipa ziguswe hivyo. Lakini sentensi hiyo inatufaa sisi sote. Breki iliyopotea haina mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe hakina wa kuulizwa.

Leo nataka tuongee kuhusu kipande kimoja tu cha breki, kile ambacho mguu wako unakigusa. Pedali. Na si pedali ya kiwandani, bali ile iliyokatwa kwa grainda na kuchomelewa na fundi nyuma ya nyumba, iwe Kariobangi, Thika au Kitale. Ziko. Mtu ametoa gia ya otomatiki akaweka ya mkono, sasa anahitaji nafasi ya klachi kando ya breki. Mwingine ametia injini ya dizeli ya Toyota kwenye Land Rover ya babu yake, na bati linalotenganisha miguu na injini limebidi likatwe. Kijana anajenga bagi ya mashindano kwa mabomba ya chuma. Mama amepoteza mguu wa kulia na anataka breki aisukume kwa mkono. Ukienda Kirinyaga Road na maneno hayo, muuza spea atakuangalia tu. Hakuna katoni yenye kitu hicho. Lazima kitengenezwe.

Hapo ndipo kelele huanza, na kelele yenyewe ina kambi mbili.

Kambi ya kwanza inasema: jua kali na breki? Huo ni uuaji, nunua ya kiwanda. Hawa ni watu wazuri sana wa kusimulia historia za watu wengine. Watakwambia jinsi Colin Chapman alivyojenga gari lake la kwanza mwaka 1948 huko London, kwenye gereji ndogo nyuma ya nyumba ya wazazi wa mpenzi wake, kutoka kwa Austin 7 kuukuu, na baadaye likazaliwa jina la Lotus. Watakwambia jinsi Soichiro Honda, mwaka 1946, alivyokuwa kwenye kibanda pale Hamamatsu akifunga injini ndogo zilizobaki jeshini kwenye baiskeli. Gereji ya Mwingereza ni historia. Kibanda cha Mjapani ni somo la motisha. Kibanda cha jirani yako ni hatari kwa umma, kifungwe. Na yule mama mwenye mguu mmoja? Akae nyumbani, nadhani.

Kambi ya pili ni ya wazalendo. Sisi tunaweza, wanasema. Acha ujuaji. Fundi wangu amefanya hii kazi miaka ishirini, hahitaji rula, anaona kwa macho. Hawa ndio husambaza video za kila kitu kilichochomelewa mtaani na kuandika kwamba Wakenya ni noma. Ukiuliza swali moja tu, umeitwa adui wa maendeleo.

Mimi nampenda fundi wako. Lakini macho hayaoni nguvu. Hebu tuhesabu pamoja, ni hesabu ya darasa la sita.

Pedali ni wenzo, ndugu yake mtaimbo. Juu kuna pini inayozungukia, chini kuna pale pa kukanyagia, na kati yao kuna rodi inayosukuma masta silinda. Tuseme kutoka kwenye pini hadi pa kukanyagia ni milimita 300, na kutoka kwenye pini hadi kwenye rodi ni milimita 50. Gawanya, unapata 6. Maana yake ukikanyaga kwa nguvu ya kilo 40, rodi inasukumwa kwa kilo 240. Gari lisilo na busta hutaka uwiano wa karibu na huo. Lenye busta hutosheka na 4 hivi, kwa sababu busta inaongeza nguvu yake.

Sasa fundi anayeona kwa macho anatoboa tundu la rodi kwenye milimita 75 badala ya 50. Amekosea kwa upana wa kidole gumba tu. Uwiano umeshuka hadi 4, na gari hili halina busta. Mguu uleule wa kilo 40 sasa unatoa kilo 160. Ndani ya ua, kwa mwendo wa kutembea, gari linasimama vizuri. "Imeshika, bosi." Unalipa, unaenda. Siku unayoteremka kuelekea Mai Mahiu na lori la mbele yako likasimama ghafla, utahitaji zile kilo 240, na utagundua kwamba mguu wako unadaiwa kilo 20 ambazo haukujua kwamba unadaiwa.

Fundi mwingine ana huruma. Mteja amelalamika pedali ni nzito, kwa hivyo anatoboa kwenye milimita 30. Uwiano sasa ni 10, pedali laini kama mto. Lakini wenzo haukupi kitu bure. Kama pistoni ya masta silinda inahitaji kusogea milimita 20, pedali lazima ishuke milimita 200, na kabla haijafika huko imegonga sakafu. Mafuta yapo. Pedi ni mpya. Hakuna kinachovuja. Gari halisimami. Saa moja jioni utasikia kwamba lilipoteza breki.

Hiyo ni hesabu ya urefu tu. Kuna hesabu ya uimara, ambayo ni mbaya zaidi.

Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu breki za magari madogo zinataka gari lifikie kiwango chake cha kusimama bila mguu kutumia zaidi ya nyutoni 500, yaani kilo 50 hivi. Lakini mtu aliyeshikwa na hofu hakanyagi kwa kilo 50. Anaegemeza mgongo kwenye kiti na kusukuma kwa mwili mzima. Ndiyo maana Formula SAE, mashindano ya wanafunzi wa uhandisi wanaojijengea magari, inataka pedali istahimili nyutoni 2,000 bila chochote kuharibika. Hiyo ni kama kilo 200. Kwa lugha ya mtaani, ni mifuko minne ya saruji.

Weka mifuko hiyo minne kwenye pedali yenye uwiano wa 6. Rodi inapokea tani moja na kilo mia mbili. Pini ya juu inapokea tani moja. Sasa niambie, hiyo pini imeshikwa pande zote mbili, au inaning'inia upande mmoja kama msumari wa kutundikia koti? Bati ulilofungia ni lile jembamba la gari lenyewe, linalopinda ukilisukuma kwa gumba, au uliweka plati nene nyuma yake? Bolti zako zina alama ya 8.8 kichwani, au zilitoka kwenye mkebe wa bolti zisizo na kwao? Mkono wa pedali ni wa alumini uliouona uking'aa kwenye video? Alumini iliyoimarishwa kwa joto hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake karibu na mshono ukiichomelea. Inang'aa vilevile. Haikwambii.

Na wale wa kisasa wanaotoa injini ya petroli na kuweka mota ya umeme, jueni kwamba busta ya kawaida hupata nguvu zake kutokana na mvuto wa hewa wa injini. Injini ikitoka, mvuto umetoka nayo. Usipoweka pampu ya kuvuta hewa, mguu umeachwa peke yake na uwiano wa 4.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na kambi zote mbili zinaweza kukasirika. Tofauti kati ya pedali nzuri na pedali ya kuua si anwani ya mahali ilipotengenezwa. Ni kama kuna mtu alijaribu kuivunja kabla hajampa mtu mwingine aiamini. Kiwanda hakina uchawi. Kinachofanya ni kuchukua vipande vyake na kuvitesa hadi kijue vinashindwa wapi. Fundi wa Kariobangi anaweza kufanya jambo hilo hilo. Tatizo ni kwamba hakuna anayemtaka alifanye, na yeye mwenyewe ameshazoea kwamba hakuna anayemtaka.

Tena si jambo la pesa nyingi. Funga pedali kwenye plati ile ile na kwa bolti zile zile zitakazotumika garini. Ilaze ili pa kukanyagia patazame juu. Rodi ikae dhidi ya chuma kisichosogea. Chora mstari wa mkao wa pedali ukutani. Ning'iniza mifuko minne kwa mnyororo, karibu na ardhi, mtu asisimame karibu. Saruji si lazima uinunue, azima kwenye mjengo wa jirani au jaza mchanga na upime. Ikae. Kisha toa mzigo. Pedali ikikosa kurudi kwenye mstari wake, hata kwa milimita mbili, imepinda. Itupe. Ikirudi, paka mafuta taa kwenye mishono yote, subiri, pangusa hadi pakauke, kisha paka unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatauchora kwenye chaki, mstari mweusi kama unywele. Mbinu hii ni ya zamani, watu wa reli waliitumia kabla hujazaliwa wewe na mimi. Bei yake ni chupa ya mafuta taa na kipande cha chaki.

Ukishaifunga garini, hakikisha rodi ina nafasi ndogo ya kucheza mguu ukiwa umetoka. Ikibaki inasukuma, pistoni hairudi nyuma kabisa, breki zinabaki zimeshika kidogo, zinachemka. Kisha kanyaga kwa nguvu na uhesabu hadi sitini. Pedali ikizama polepole, kuna kitu kinapitisha mafuta. Baada ya hayo yote, fundi, piga herufi za jina lako kwenye hiyo pedali kwa patasi ya chuma. Kama unaogopa kuandika jina lako, basi unajua jambo ambalo mteja halijui.

Najua jibu. Mteja hawezi kulipia hayo yote. Hapo ni kweli kidogo, na lawama hiyo nairudisha kwetu, sisi tunaopanda na kushangilia. Tunaijua nganya kwa spika zake, skrini zake na mchoro wa ubavuni. Mwenye gari analipa pesa nyingi kwa taa za ndani kisha anabishana na fundi shilingi mia tano za breki, na sisi tunapanga foleni kuipanda kwa sababu ina vaibu. Ubavuni imeandikwa kwamba Mungu yupo nasi. Sawa, na awe nasi. Lakini breki haiombewi, hupimwa.

Serikali nayo isijifiche nyuma yetu. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya iliwaambia wakubwa kwamba hawa watu wanaofanya kazi nje ya vitabu vya serikali ni uchumi, si uchafu. Mwaka 1985 Rais Moi alifika Kamukunji, na vibanda vya Nyayo vikajengwa. Asante kwa kivuli. Vipimo vilikuja lini? NITA inatoa mtihani wa ufundi wa daraja la 3 hadi la 1, vizuri, huo unampima mtu. Mashine za ukaguzi wa magari zinapima magurudumu yanashika kiasi gani leo. Ile pedali iliyochomelewa jana, kwamba itahimili mguu wenye hofu mwaka ujao, roli haiwezi kukwambia. Uingereza mtu akijijengea gari gerejini kwake hulipeleka kwenye ukaguzi wa gari moja moja uitwao IVA, likipita linaingia barabarani kama mengine. Haulizwi kwa nini hakununua dukani. Nasi tunahitaji mlango kama huo hapa, katika kila kaunti: fremu ya chuma, jeki yenye saa ya kupima, mtu anayejua kuisoma, ada ambayo fundi anaweza kuilipa. Vyuo vya ufundi vina karakana tayari. Bila mlango huo kuna mambo mawili tu, kupiga marufuku na kufumba macho, na sisi hupiga marufuku mchana na kufumba macho usiku.

Lakini usingoje kaunti. Siku ukichukua gari kwa fundi aliyegusa pedali, usimuulize kama itashika. Swali hilo lina jibu moja tu, na amelijibu mara elfu. Muulize aliininginizia nini.