Mzigo wa Kwanza

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo tulilodhani tunalijua tangu utoto, yaani kubeba mzigo.

Wifi yetu, mke wa kaka anayeishi Dar es Salaam, ana mtoto wa miaka miwili. Alipokuja likizo alituambia kwamba anajiandaa kwa mashindano yake ya kwanza ya kunyanyua vyuma. Jioni za mazoezi kaka ndiye anayebaki na mtoto. Sisi tulicheka, lakini mama hakucheka. Aliuliza, "Mwanangu, kizazi chako kitakaa mahali pake?"

Swali hilo si la kupuuza. Kati yetu wapo waliorudi kwenye kuni na ndoo siku chache baada ya kujifungua, na leo wanasikia uzito chini ya tumbo, au mkojo unawatoka wakikohoa. Wifi alijibu kwa heshima, "Ndiyo maana sikuharakisha, mama. Nilipimwa kwanza kliniki, kisha nikaanza na uzito mdogo."

Chuma kitupu cha mashindano kina kilo 20, sawa na ndoo ya lita 20 za maji tunayojitwisha kila siku. Wifi alikaa na uzito huo kwa wiki nyingi, akijifunza kuchuchumaa mgongo umenyooka, kupumua vizuri na kusimama kwa nguvu za miguu. Ndipo akaongeza kidogo kidogo, na siku za kupumzika alipumzika kweli.

Mashindano yana sehemu tatu: kuchuchumaa na chuma mabegani kisha kusimama, kulala chali juu ya benchi na kusukuma chuma kutoka kifuani, na kuinua chuma kutoka sakafuni hadi mwili unyooke. Washindani hupangwa kwa uzito wa mwili. Kila sehemu ina nafasi tatu, na waamuzi ni watatu. Wawili wakikubali, imehesabiwa. Ukishindwa nafasi zote tatu katika sehemu moja, umetoka. Kwa hiyo anayeanza huchagua mzigo wa kwanza ambao anauweza hata siku aliyolala vibaya.

Tuliuliza kama hiyo si kazi ya wanaume. Wifi alitueleza kwamba mashindano ya dunia ya wanawake yalianza mwaka 1980 huko Marekani. Hapa jirani Kenya, Hellen Wawira Kariuki, anayeshindana na wanamichezo wenye ulemavu kwa kusukuma chuma akiwa amelala kwenye benchi, alipata medali ya shaba katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 2022, mjini Birmingham.

Habari ya mzigo wa kwanza ndiyo iliyotugusa zaidi. Sisi hatuchagui. Kisima kikiwa mbali tunabeba yote kwa mara moja ili tusirudi, hata kama mwili bado ni mbichi kwa uzazi.

Basi tumekubaliana nyumbani kwetu. Aliyejifungua hagusi ndoo kubwa wala mzigo wa kuni mpaka apone. Akianza, anaanza na kidumu cha lita 5. Maji yatachotwa na vijana wenye baiskeli. Gunia la maharage halinyanyuliwi na mmoja, na tunainama kwa magoti, si kwa kiuno. Na mwenye dalili tulizotaja aende kliniki bila aibu, maana wengi husaidiwa.

Wifi amerudi mjini, na siku yake ya mashindano bado haijafika. Mama akimpigia simu hamuulizi ananyanyua kilo ngapi. Humuuliza, "Umepumzika?" Mama mwenzetu, nawe tunakuuliza hivyo hivyo.