Kopo, Sindano na Jicho Letu Wenyewe

Kila ifikapo Februari 27, Songea huwakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Hotuba husomwa, mashada huwekwa, na picha za zama zile hutazamwa tena. Swali lisilosikika mara nyingi ni hili: nani alisimama nyuma ya kamera? Picha nyingi za wakati ule zilipigwa na watawala au watu wao. Ndio walioamua kamera ielekee wapi, nani aonekane na nani aachwe nje. Hivyo sehemu kubwa ya kumbukumbu ya nchi yetu imehifadhiwa kwa jicho la aliyeishika bunduki.

Kutokana na historia hiyo, nina pendekezo dogo: vijana wetu wafundishwe kutengeneza kamera kwa mikono yao, kisha waipige picha ardhi yao wenyewe.

Hapa Msamala vifaa vyake havihitaji zabuni. Linatosha kopo tupu la maziwa ya unga, masizi ya kulipaka weusi ndani, utepe mweusi wa kuziba mwanga, na kipande cha bati laini la kopo la soda kilichotobolewa kwa ncha ya sindano. Gizani, karatasi ya picha huwekwa ndani, mkabala na tundu. Mwanga husafiri kwa mstari mnyoofu; ule utokao kileleni mwa mlima hushuka chini ya karatasi, na ule wa bondeni hupanda juu. Taswira hujichora kichwa chini, bila lenzi. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, alilichunguza jambo hili mjini Cairo mwanzoni mwa karne ya 11. Wanafunzi wetu hukutana na kamera hii katika fizikia ya sekondari, lakini nimewafundisha wengi chuoni walioichora kwenye mtihani bila kuwahi kuishika.

Kamera ya kopo ina tabia moja inayofaa kutafakariwa: ni ya polepole. Picha moja huweza kuchukua dakika kadhaa. Bodaboda inayopita kasi haiachi alama. Msafara wa kiongozi nao hupotea vivyo hivyo. Hubaki mwembe, paa la bati, barabara na mlima.

Polepole hiyo yaweza kunyooshwa hadi miezi. Mwaka 2012, Regina Valkenborgh, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Hertfordshire nchini Uingereza, alifunga kopo la bia lenye karatasi ya picha kwenye darubini ya kituo cha Bayfordbury. Likasahaulika hadi 2020. Lilipofunguliwa, lilikuwa na mistari 2,953 ya njia za jua angani, iliyojichora kwa miaka minane. 

Fikiria kopo kama hilo Msamala, likitazama mashariki kuanzia Juni hadi Desemba. Lingeonyesha macheo yakihama siku baada ya siku kutoka kaskazini kwenda kusini. Mistari ya kiangazi ingefuatana kwa ukaribu; mawingu ya mvua yakianza, ingekatikakatika. Mwanafunzi angeyasoma majira ya kwao kwenye karatasi moja.

Wapo watakaouliza: ya nini taabu hii ilhali simu hupiga picha kwa kufumba na kufumbua? Simu hutoa picha, ila huficha namna picha inavyopatikana. Anayetoboa tundu mwenyewe hujifunza kwamba kila picha ina aliyechagua mahali pa kusimama, muda wa kusubiri na kitu cha kuacha nje. Katika zama hizi ambapo akili mnemba hutunga picha za matukio yasiyowahi kutokea, maarifa hayo ni kinga ya uraia. Mtu anayejua picha inavyotengenezwa hadanganyiki upesi, iwe ni picha ya uchaguzi au ya mradi uliozinduliwa nusu.

Kikwazo cha kweli ni karatasi ya picha, ambayo si rahisi kuipata Songea. Hata hivyo, karatasi nyembamba iliyopakwa mafuta na kubandikwa nyuma ya kopo hupokea taswira, na penseli hutosha kuifuatisha. Tena, kopo lililofungwa kwenye nguzo laweza kuzua hofu; mwenyekiti wa mtaa aarifiwe mapema, naye asiione elimu kuwa njama.

Mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 unasisitiza amali. Amali isigeuke orodha ya vifaa vinavyosubiriwa kutoka ng'ambo. Ninawaomba maofisa elimu wa Manispaa waanze na shule chache: kila shule ichague sehemu moja inayotazama safu ya Matogoro, chimbuko la Mto Ruvuma, na ipige picha kutoka hapo tarehe ileile kila mwaka. Makumbusho ya Majimaji yazipokee na kuzitunza. Baada ya miaka kumi tutaweza kuona ni wapi msitu umesimama na ni wapi nyumba zimepanda mlimani. Mjadala wa vyanzo vya maji utakuwa na ushahidi mezani, ulioandaliwa na watoto wa hapahapa, kwa gharama ya makopo tunayoyatupa jalalani.