Nyayo zikiwaka moto, pima B12

Huku mtaani Umoja, Nairobi, mtu akisema nyayo zake zinawaka moto usiku, ataambiwa ni uchovu au baridi ya sakafu. Mama yangu ana kisukari na amemeza metformini miaka mingi. Alikuwa akilala miguu ikiwa nje ya blanketi, vidole vimekufa ganzi, mpaka daktari alipoagiza kipimo cha damu, kikaonyesha vitamini B12 iko chini.

Wenzangu mjue kwamba metformini ikitumiwa muda mrefu hupunguza uwezo wa mwili kufyonza B12. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwashauri madaktari wampime B12 mgonjwa wa metformini mwenye dalili za upungufu wake. Tena, kwa asili vitamini hii haimo kwenye sukuma wiki wala mahindi. Iko kwenye maini, nyama, mayai, maziwa na omena. Sheria ya Kenya ya 2012 inataka unga wa pakiti uongezewe virutubisho, B12 ikiwemo, lakini wengi wetu Eastlands tunanunua unga wa posho mill, usioongezewa.

Anayetumia dawa ya isoniazidi ya kifua kikuu naye aulizie piridoksini, yaani B6, inayolinda neva. Ila tusijinunulie vidonge kiholela, kwani B6 ikizidi nayo huharibu neva.

Tafadhali, ukienda kliniki, taja miguu yako hata usipoulizwa. Neva zikikaa muda mrefu bila B12 huenda zisipone kabisa.