Soja si maziwa, lakini tusiiuze yote



Karibu kila mkutano tunaofika, swali moja linarudi: maziwa ya ng'ombe yamekuwa shida, je, mtoto mdogo tumpe maziwa ya soja? Ni swali la haki. Tangu vita ilipowaka tena Djugu mwishoni mwa mwaka 2017, ng'ombe wengi waliibwa, wafugaji wengi walikimbia, na familia ambazo zamani zilikamua kila asubuhi leo zinanunua maziwa sokoni kama watu wengine, tena siku ile feza ipo. Kule Mambasa msituni, ng'ombe hata zamani walikuwa wachache. Watu wanatafuta kitu cha kuweka mahali pa maziwa, na soja tunailima wenyewe.

Jibu letu liko na sehemu mbili. Kwanza, soja ni chakula kizuri sana cha mtoto, lakini si maziwa. Pili, watoto wetu hawadhoofu juu ya kukosa ng'ombe tu. Wanadhoofu pia juu ya namna tunavyouza mavuno na namna tunavyogawa kazi ya shamba. Hayo mawili hayangoji serikali wala msaada, yako mikononi mwa koperative.

Tuanze na jina. Ukiita kitu "maziwa", mama anayesikia atafikiri kinaweza kukaa mahali pa ziwa lake. Kule Ulaya, mwaka 2017, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba vinywaji vya mimea, kwa kawaida, visiuzwe kwa jina la maziwa. Wao walikuwa wanaangalia biashara. Kwetu sisi ni jambo la uhai wa mtoto. Tunapendekeza koperative zetu ziseme "maji ya soja" au "juisi ya soja", basi.

Mtoto wa chini ya miezi 6 anahitaji maziwa ya mama peke yake. Asipewe maji, wala uji, wala maziwa ya ng'ombe, wala juisi ya soja. Kuanzia miezi 6, maziwa ya mama hayatoshi tena, zaidi sana kwa madini ya chuma, kwa hiyo anaanza kula, lakini anaendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyosema, na waganga wa vituo vya afya vyetu wanasema vilevile. Kama mama amefariki au hawezi kunyonyesha, msitafute dawa ya jirani: mpelekeni mtoto kituo cha afya siku hiyohiyo.

Sasa tulinganishe. Gramu 100 za maziwa ya ng'ombe zina protini karibu gramu 3, na juisi ya soja iliyotengenezwa vizuri inaweza kufika hapohapo. Lakini maziwa ya ng'ombe yana kalisi, ile inayojenga mifupa, mara nyingi zaidi kuliko juisi ya soja ya nyumbani. Yana pia vitamini B12, ambayo soja haina kabisa. Kwa upande mwingine, maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo mno. Mtoto anayeshibishwa maziwa ya ng'ombe tu anaweza kupungukiwa damu huku wazazi wanafikiri anakula vizuri. Kwa hiyo hata mwenye ng'ombe asijidanganye: maziwa ni sehemu ya chakula, si chakula chote. Na yachemshwe kila siku, juu ya brusela na kifua kikuu vinavyopita katika maziwa mabichi.

Na maziwa ya kopo? Soma maandishi madogo kabla ya kutoa feza. Ukiona "matière grasse végétale", ujue mafuta ya maziwa yametolewa na kuwekwa mafuta ya mimea. Maziwa mazito yenye sukari hayafai kabisa kwa mtoto mchanga. Na unga wa watoto wachanga, ukichanganywa na maji machafu, au ukipunguzwa ili kopo lifike mwisho wa mwezi, unaleta kuhara na kukonda. Nchi za dunia zilikubaliana tangu 1981 kanuni za kuzuia matangazo ya bidhaa hizo, juu ya watoto waliokuwa wanakufa kwa namna hiyo.

Basi soja inafaa wapi? Inafaa katika uji. Gramu 100 za soja kavu zina protini karibu gramu 36. Muhindi una karibu 9. Unga wa muhogo haufiki hata 3. Uji wa muhogo mwepesi unajaza tumbo, mtoto analala, lakini mwili haukupata kitu. Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyekuwa anafanya kazi nchi inayoitwa leo Ghana, aliandika juu ya watoto waliovimba miguu na kubadilika rangi ya nywele, waliokuwa wameachishwa ziwa na kulishwa muhindi karibu peke yake. Alichukua jina la watu wa kule, kwashiorkor, maana yake ugonjwa wa mtoto wa kwanza anapozaliwa wa pili. Sisi hapa tunaujua ugonjwa huo bila kitabu.

Changanya vikombe 3 vya muhindi au mtama na kikombe 1 cha soja: unga huo unafika karibu gramu 16 za protini kwa gramu 100. Ni sosoma ile ambayo ndugu zetu wa Kivu na Rwanda wanaijua vizuri. Soja ichaguliwe, ikaangwe mpaka iwe rangi ya kahawia na harufu ya ubichi iishe, kwa sababu soja mbichi inazuia tumbo kutumia chakula. Uji uwe mzito, usikimbie kwenye kijiko. Ongeza karanga za kusaga, au unga wa samaki wadogo wakavu wa Kasenyi na Tchomia. Samaki huyo akisagwa na mifupa yake analeta kalisi na B12 ambazo soja haina. Lenga-lenga na yai, siku zinapopatikana, visingoje mgeni.

Tena jambo moja juu ya karanga. Mnunuzi akikataa karanga zenye ukungu, mara nyingi zinarudi nyumbani na kuingia katika sufuria ya watoto. Sumu ya ukungu huo, aflatoksini, haiishi kwa kupika. Kilichokataliwa sokoni kisiende kwa mtoto.

Wengine watauliza: kama soja ni nzuri hivyo, maziwa ya nini? Angalieni Plumpy'Nut wanayopewa watoto wenye utapiamlo mkali. Ndani yake kuna karanga, na kuna unga wa maziwa pia, pamoja na mafuta, sukari, vitamini na madini. Walioitengeneza hawakuchagua kati ya shamba na ng'ombe, waliviunganisha. Sisi pia tufanye hivyo: mwenye ng'ombe au mbuzi abakize kikombe cha maziwa kwa watoto waliopita mwaka mmoja kabla ya kuuza, na asiyekuwa naye awe na soja na samaki nyumbani.

Hapo tunafika kwenye shida yenyewe. Wakati wa mavuno soja inatoka yote. Mnunuzi anakuja na feza mkononi, deni la mbegu linangoja, masomo ya watoto wakubwa yanangoja, na magunia yanapanda gari kwenda Bunia. Miezi michache baadaye mkulima huyohuyo anatafuta kikombe cha soja sokoni kwa bei iliyo juu, au haitafuti tena. Tuhesabu pamoja. Mtoto akila gramu 100 za unga uliochanganywa kila siku, robo yake, gramu 25, ni soja. Kwa mwaka mzima haifiki kilo 10. Mwenye watoto wawili wadogo anahitaji kilo 20, sehemu moja ya tano ya gunia la kilo 100. Tunajua koperative imeundwa ili kuuza, na hatusemi iache. Lakini hizo kilo 10 ukiziuza, feza yake hainunui maziwa ya mwaka mzima.

Shida ya pili ni kazi. Mama mwenye mtoto wa miezi minne anaitwa kwenye shamba la pamoja kama wengine, anatembea mbali, na mtoto anabaki na dada yake mwenye miaka minane na kikombe cha uji mwepesi. Ziwa halikukosa maziwa, lilikosa nafasi. Wengine wanasema kila mwanamemba afanye sawa, la sivyo ni upendeleo. Sisi tunaona kunyonyesha ni kazi pia. Mama huyo apewe kazi ya karibu, kama kuchagua mbegu, kuandika mizani, kukaanga soja, na siku zake zihesabiwe sawa na za wengine. Na akina baba wakumbuke kwamba uamuzi wa kuuza gunia la mwisho mara nyingi unatoka kwao.

Kwa hiyo tunaomba kila koperative iweke mambo mawili katika mkutano mkuu unaokuja, kabla mnunuzi hajafika: kila familia yenye mtoto wa chini ya miaka 2 itenge kilo 10 za soja kwa kila mtoto, zikae katika depo ya koperative na zitolewe kila mwezi, na akina mama wanaonyonyesha watolewe kwenye kazi za mbali. Andikeni katika daftari la mkutano, na majina ya watakaosimamia. Tukipita kwenu kuangalia mbegu, tutaomba kuona na daftari hilo.