Nani Anayemwamulia Mtoto?
Safu ya Jumamosi, na Kavira Mulonda

Mtoto wa Goma ambaye mama yake ana kibali cha kudumu Uingereza hakosi watu. Nyanya anampikia, mjomba anamlipia minerval, yaani karo ya shule, pesa za mama zikichelewa, jirani wa mtaa wa Ndosho anampeleka hospitali usiku. Ndivyo mji huu unavyolea. Lakini viza ya mtoto ya kumfuata mama ikikataliwa na rufani ikafika kwa jaji, wema huo hugeuka swali: kama wote hao wanamlea, mama anadai vipi, kama kanuni za uhamiaji zinavyomtaka athibitishe, kwamba jukumu ni lake peke yake?

Jibu lipo tangu 2006. Katika shauri lililotoka Yemen, linalojulikana kwa herufi TD, baraza la rufani za uhamiaji la Uingereza lilieleza kwamba malezi ya kila siku yanaweza kubaki kwa ndugu. Kinachopimwa ni nani anayeshika usukani wa maisha ya mtoto na kufanya maamuzi yote makubwa. Baba naye akiwa bado anaamua, jukumu ni la wawili.

Hapo ndipo karatasi za Kongo zinapomponza mama. Sheria ya Familia ya 1987 iliandika kwamba kila mtoto wa nchi hii lazima awe na baba. Asipojulikana, korti imteulie baba wa kisheria. Hati inaweza basi kubeba jina la mwanamume ambaye hajawahi kumnunulia mtoto hata daftari. Jaji wa mbali akilisoma, anaona mzazi wa pili.

Na hati zenyewe ziko wapi? Lava ya volkano ya Nyiragongo ilimeza katikati ya mji Januari 2002, na karatasi zilizokuwamo. Waasi wa M23 walipoingia Januari 2025, uwanja wa ndege ulifungwa, na kuzifuata hati kwingine kukawa kugumu.

Wapo wanaochoka kungoja, mtoto akasafiri bila karatasi. Agosti 2002 msichana Mkongomani wa miaka mitano alifika Brussels na mjomba wake. Mama alikuwa tayari mkimbizi Kanada. Ubelgiji ilimfungia karibu miezi miwili kwenye kituo cha watu wazima, ikamrudisha Kinshasa, ambako hakuna ndugu aliyekuwa akimsubiri. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliihukumu Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 2006.

Jaji anayedhani mikono mingi ni wazazi wengi anakosea, ila hawezi kusahihishwa kwa maneno matupu. Risiti ya M-Pesa inaonyesha pesa, haionyeshi uamuzi. Mama atunze sauti za WhatsApp alizomtumia mwalimu akimwambia mtoto abadilishe shule. Mkuu wa shule aandike humpigia nani mtoto akiugua. Anayemjua baba aeleze ni lini alionekana mara ya mwisho. Na nyanya, ambaye kwa miaka yote haamui jambo kubwa kabla ya kumpigia mama simu, aandikiwe ushahidi wake wiki hii, angali anakumbuka.